Vitamini B Nayo Ni Dawa

Simama pembeni ya kaunta ya duka la dawa, Mbagala au Mwanza mjini, jioni watu wakirudi kutoka kazini. Haitapita muda atafika mama wa makamo, ataegemea kioo na kueleza kwamba miguu inamuwaka moto usiku, vidole vina ganzi, nyayo zinachomwachomwa kama sindano.

“Shikamoo mama. Hiyo ni mishipa ya fahamu. Chukua hizi, asubuhi moja na jioni moja.”

“Marahaba mwanangu. Hazina shida? Maana nina dawa zangu nyingine natumia.”

“Hapana mama, hizi ni vitamini tu.”

Mama analipa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza hizo dawa nyingine ni zipi, wala ganzi ilianza lini. Na hakuna aliyegeuza karatasi ya vidonge kusoma maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya neva huwa na vitamini tatu: B1 miligramu 100, B6 miligramu 200, na B12 mikrogramu 200. Mwili wa mtu mzima unahitaji B6 miligramu 1.3 hadi 1.7 tu kwa siku. Akimeza viwili kama alivyoelekezwa, atakuwa amepata miligramu 400, zaidi ya mara 200 ya mahitaji yake. Atafanya hivyo kesho, keshokutwa, na mwezi ujao, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache lini.

Hoja yangu ni fupi. Kwa mtu aliyebaki na madhara ya dawa aliyotumia au anayoendelea kutumia, vitamini B ni dawa kamili, yenye kazi yake, dozi yake, mwisho wake na madhara yake. Inamfaa pale inaporudisha kitu ambacho dawa fulani imekipunguza mwilini. Nje ya hapo ni kubahatisha, na vitamini B6 inaweza kuleta ugonjwa uleule ambao mgonjwa anajaribu kuukimbia.

Imani yetu kwa vidonge hivi haikutoka hewani. Ina mizizi kwenye tiba ya kifua kikuu. Isoniazidi ilianza kutumika dhidi ya ugonjwa huo mwaka 1952 na hadi leo ni miongoni mwa nguzo za matibabu. Lakini isoniazidi hujishikiza na vitamini B6 na kuifanya itoke kwenye mkojo, na pia huizuia kufanya kazi yake mwilini. Mishipa ya fahamu inayohitaji B6 huanza kulalamika, na ile mirefu iendayo miguuni ndiyo hutangulia. Ndipo hutokea ganzi, moto wa nyayo, na hisia kwamba umevaa soksi ilhali uko peku.

Kwa hiyo mgonjwa hupewa piridoksini, yaani B6 yenyewe, pamoja na isoniazidi. Dozi ya kinga ni ndogo, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Walio hatarini zaidi wanajulikana: wajawazito, wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wenye kisukari, wenye figo dhaifu, wanywaji wa pombe, wenye lishe duni, na wale ambao kwa maumbile tu miili yao huiondoa isoniazidi polepole. Watu wengi wanaotumia ARV hupewa isoniazidi ili wasipate kifua kikuu, na kipo kidonge kimoja kilichounganisha isoniazidi, kotrimoksazoli na B6 miligramu 25 kwa ajili yao. Hapo vitamini inafanya kazi inayoeleweka. Kilichopungua kinajulikana, aliyekichukua anajulikana, na kinachorudishwa kimepimwa.

Nchini Malawi dawa hiyohiyo ilifundisha jambo jingine. Isoniazidi ya kinga ilipotolewa kwa watu wengi, wahudumu wa afya walianza kuona wagonjwa wenye ngozi iliyokuwa nyeusi na kuchubuka sehemu zinazopigwa na jua: shingoni, mikononi, miguuni. Huo ni ugonjwa wa pelagra, unaotokana na upungufu wa vitamini B3. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliuhusisha na isoniazidi. Sababu inaeleweka, kwani mwili hutumia B6 katika kujitengenezea B3, na isoniazidi huvuruga kazi hiyo. Kwa mtu ambaye chakula chake karibu chote ni ugali wa mahindi, ambayo hutoa B3 kidogo sana inayofyonzwa na mwili, hapabaki akiba. Mgonjwa wa namna hiyo hasaidiwi kwa kumwongezea B6 bila mpango. Anahitaji B3, anahitaji chakula bora, na daktari ndiye wa kuamua kuhusu isoniazidi. Vitamini B ziko nane, na kila moja ina kazi yake.

Tatizo ni kwamba kilichobaki vichwani mwetu ni maelezo mafupi: ganzi hutibiwa kwa vitamini B. Sababu iliachwa zahanati. Tulibeba jina la kidonge tu, tukaanza kulitumia kwa kila ganzi na kila dawa.

Kuna wanaosema dawa ya moto ni moto. Kwa B6 methali hiyo inatimia vibaya. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za B6 kwa siku. Walikuwa na ganzi kali, na wakitembea walipepesuka, kwa sababu miguu haikuweza tena kuwaeleza ilipo bila wao kuitazama. Tangu hapo imethibitika kwamba B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya hisia. Ubishi uliobaki ni kuhusu kiwango.

Mamlaka za nchi mbalimbali hazikubaliani juu ya mpaka. Marekani kikomo kilichowekwa kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2023 taasisi ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kikomo chake kutoka miligramu 25 hadi 12. Australia, tangu mwaka 2022, bidhaa inayompa mtu mzima zaidi ya miligramu 10 za B6 kwa siku lazima iwe na onyo kuhusu ganzi na kuchomwachomwa, baada ya mamlaka ya dawa ya huko kupokea taarifa za watu walioathirika hata kwa dozi zilizo chini ya miligramu 50. Yule mama wa kaunta ameelekezwa 400. Kwa kipimo chochote utakachochagua kati ya hivyo vitatu, amevuka.

Sasa tazama mtego ulivyo. Mama ana ganzi, anameza B6. Baada ya miezi kadhaa ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi kwenye vifundo. Anarudi dukani na kuambiwa aongeze, au achanganye na sindano za vitamini. Dalili za upungufu wa B6 na dalili za wingi wake zinafanana kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuzitofautisha kwa hisia, na muuzaji hawezi kuzitofautisha kwa macho. Anayeacha naye anaweza kukata tamaa mapema, kwa sababu dalili huweza kuendelea kupanda kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kisha zikaanza kushuka taratibu. Wengi hupata nafuu. Wapo wanaobaki nazo.

Kwa wenye madhara ya dawa yaliyokwama kuna ugumu zaidi, kwa kuwa dawa nyingi huumiza mishipa ya fahamu bila kugusa B6 kabisa. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi tangu miaka ya 2000 wanaikumbuka stavudini. Ilikuwa nafuu, ilikuwa ndani ya vidonge vya mseto vilivyookoa maisha ya watu wengi Afrika Mashariki, na iliwaachia baadhi yao miguu inayowaka, mashavu yaliyobonyea na mikono iliyokonda. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache. Stavudini huharibu vinu vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya chembechembe za mwili. Wapo waliobadilishiwa dawa miaka mingi iliyopita na bado wana ganzi. Kumwambia mtu huyo kwamba B6 itamjengea upya mishipa hiyo ni kumuuzia matumaini kwa karatasi ya vidonge kumi.

Linezolidi ni mfano mwingine. Hutumika kwa kifua kikuu sugu, na imesaidia kufupisha matibabu yaliyokuwa yakichukua mwaka na nusu au zaidi hadi miezi sita. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2020, wagonjwa 109 walitumia mseto wenye linezolidi ya miligramu 1,200 kwa siku, na asilimia 81 walipata madhara ya mishipa ya fahamu. Jaribio lililofuata, la mwaka 2022, lililinganisha dozi na muda mbalimbali. Kati ya waliopewa miligramu 600 kwa wiki 26, walioathirika walikuwa asilimia 24, na matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 91. Kilichookoa mishipa yao ni dozi kupunguzwa na watu wenye ujuzi, chini ya uangalizi. Mgonjwa anayeficha ganzi yake na kuitibu kimyakimya kwa vidonge vya dukani anamnyima daktari taarifa ambayo ingeweza kumwokoa.

Tena kuna ile tuliyoizoea kama panadoli: siprofloksasini, sipro. Mtu ana homa, anaambiwa ni taifodi au UTI, anabebeshwa sipro. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliimarisha onyo kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuleta uharibifu wa mishipa ya fahamu unaoanza haraka na ambao unaweza kuwa wa kudumu. Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya ilibana matumizi yake kwa sababu ya madhara ya muda mrefu kwenye kano, misuli na neva. Si wengi wanaopatwa na hayo, na dawa hizi zina nafasi yake pale zinapohitajika kweli. Ila anayesikia ganzi au maumivu ya kano akiwa kwenye sipro anatakiwa kuwasiliana na mtoa huduma siku hiyohiyo, maana huenda dawa ikahitaji kusimamishwa. Kumeza sipro huku ukimeza na vitamini ili uvumilie ni kunyamazisha kengele ya hatari.

Sijaandika haya kuwafanya watu waogope vitamini. Upo upande wa pili, ambako vitamini B inahitajika na hakuna anayeikumbuka. Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi zaidi, hupunguza ufyonzaji wa B12 tumboni. Kwa kuwa ini huhifadhi B12 ya kutosha miaka kadhaa, upungufu huja polepole, na ukifika huleta ganzi, uchovu na kusahausahau. Kisukari chenyewe nacho huleta ganzi. Basi mgonjwa huambiwa “hiyo ni sukari, uvumilie”, kumbe sehemu ya ganzi yake ingeweza kutibika. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu huu ni wa kawaida kwa wanaotumia metformini, ikawataka wampime mwenye dalili. Mgonjwa wa aina hiyo anahitaji B12 ya kutosha, ya sindano au ya vidonge vyenye dozi inayoeleweka. B12 haina kikomo cha juu kilichowekwa kwa sababu haijaonekana kudhuru hata kwa dozi kubwa. Ukimpa kidonge cha mseto, anapata B12 kidogo kuliko anavyohitaji na B6 nyingi kuliko anavyostahimili.

Mtu huyohuyo akipewa asidi ya foliki, ambayo nayo ni vitamini B, peke yake, mambo huharibika zaidi. Foliki nyingi inaweza kuponya upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12, damu ikaonekana nzuri kwenye kipimo, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini.

Foliki ina jambo jingine linalotuhusu hasa sisi wa nchi za malaria. Wajawazito hupewa vidonge vya SP kliniki ili kuwakinga. SP huua vimelea kwa kuvinyima foliki. Mjamzito akimeza foliki ya miligramu 5, kama ile inayouzwa madukani, nguvu ya SP hupungua, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri atumie miligramu 0.4. Anayejiongezea kwa nia njema ya kumlinda mtoto anaweza kuifungulia malaria mlango.

Wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, ambazo sasa ndizo wengi wanazotumia, nao wana la kuangalia. Vitamini B zenyewe hazigombani na dawa hiyo. Lakini vidonge vingi vya “multivitamini” huwa na madini ya chuma, zinki, kalsiamu au magnesiamu, na madini hayo huishika dolutegraviri tumboni isifyonzwe vizuri. Inatakiwa dolutegraviri imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake; au, kwa chuma na kalsiamu, vimezwe pamoja wakati wa chakula. Wanaotumia fenitoini kwa kifafa wajue pia kwamba B6 nyingi inaweza kushusha kiwango chake kwenye damu, na degedege likarudi.

Hata kipimo cha hospitali hakijasalimika. Biotini, ambayo nayo ni vitamini B na huuzwa sana kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga vipimo kadhaa vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na kile cha kutambua shambulio la moyo. Mwaka 2017 mamlaka ya Marekani ilitoa tahadhari na kutaja kifo cha mgonjwa mmoja ambaye kipimo chake cha moyo kilisoma chini kuliko ukweli. Kabla ya kutolewa damu, taja na “vya nywele”.

Najua jibu nitakalopewa. Wewe mwandishi unaongea hivi kwa sababu una bima. Kipimo cha B12 hakipo zahanati, na kilipo ni ghali. Foleni ya hospitali inakula siku nzima ya biashara. Vidonge vya neva vinapatikana mtaani, kwa bei anayoimudu mtu, na mwenye njaa hana miiko. Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Duka la dawa ndiyo hospitali ya kwanza ya Watanzania wengi, na litaendelea kuwa hivyo. Na upungufu wa vitamini B upo kweli kwa wazee, kwa wanywaji, kwa wanaokula ugali na mboga za majani mwezi mzima bila dagaa, yai wala maziwa. Kidonge cha kawaida cha vitamini B chenye miligramu chache za kila aina hakina cha kumdhuru mtu kama huyo, na kinaweza kumsaidia.

Lakini hoja ya umaskini inaelekea upande wangu pia. Anayepoteza fedha nyingi ni yule anayenunua karatasi baada ya karatasi kwa mwaka mzima kwa tatizo ambalo vitamini haiwezi kuligusa. Maswali hayahitaji maabara. Unatumia dawa gani? Ganzi ilianza kabla au baada ya dawa hiyo? Umeshameza vitamini gani, na kwa muda gani? Maswali matatu kaunta, dakika mbili, bila mashine, yangetosha kuwarudisha kliniki wale wanaotakiwa kurudi.

Kliniki nazo zina sehemu yao. Anayeandikiwa isoniazidi, metformini au linezolidi aelezwe siku ya kwanza kwamba ganzi ikianza aiseme mapema, kwa sababu mishipa iliyoumia kidogo hupona vizuri kuliko iliyoumia sana. Anayeandikiwa B6 aandikiwe kwenye kadi miligramu ngapi na mwisho wake lini. Kinga ya isoniazidi ikiisha, kwa kawaida na B6 yake iishe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hapa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kule Kenya, zidai onyo la Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwenye kila kidonge chenye B6 nyingi: kinaweza kuleta ganzi kikitumika muda mrefu. Australia imeweza. Si jambo la gharama kubwa, ni mstari mmoja wa wino.

Kwa mgonjwa mwenyewe, la kwanza ni kutoacha dawa ya kifua kikuu, ARV au ya kisukari kwa uamuzi wake, hata ganzi ikizidi. Kuacha kuna madhara makubwa kuliko ganzi. Siku ya kliniki akusanye mfuko mzima, pamoja na vitamini, vinywaji vya kuongeza nguvu na unga wa lishe, aumwage mezani. Vingi vya hivyo vina B6, na jumla yake haionekani kwenye lebo yoyote. Asihesabu mkojo wa njano kali kuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Ni B2 ya ziada inayotoka.

Na muuzaji wa dawa, ambaye mimi namwona kuwa mtaalamu wa afya aliye karibu zaidi na wananchi, aache kusema “vitamini tu”. Miligramu 200 za B6 zinamfikia mtu zikiwa na uwezo wa kutibu na uwezo wa kuumiza, kama dawa nyingine yoyote iliyo kwenye rafu yake. Anayeiuza bila kuuliza, na anayeiruhusu iuzwe bila onyo, wote wawili wana dhamana ya miguu ya yule mama.